Mshono wa Namba Tisa

Sifa za kocha mpya zilifika wiki nzima kabla ya yeye mwenyewe kushuka na begi lake moja. Huko alikotoka walimwita Mafuriko. Timu yake, walisema, ilishambulia mpaka kipa anasahau njia ya kurudi golini. Walisema aliwahi kuongoza sita bila na bado akasimama pembeni ya uwanja anawafokea wachezaji waongeze. Kinyozi wa sokoni aliapa kuwa shemeji yake aliiona kwa macho yake mechi iliyofika mabao kumi na moja, na habari hiyo ilipopita kwenye midomo ya watu watatu, mabao yakawa kumi na manne. Watu wetu kwa kutia chumvi, we acha tu.

Sasa huyo Mafuriko akaja. Mechi kumi na moja, mabao saba. Na kati ya hayo saba, matatu yalipatikana siku moja dhidi ya timu ambayo kipa wake alikuwa na kidole kilichovunjika, kwa hiyo hata kuyahesabu watu waliona haya. Mechi zilizobaki zilikuwa bila kwa bila, moja bila, bila kwa bila tena. Mashabiki wakakaa, wakatafakari, wakambadilishia jina. Wakamwita Manyunyu.

Ubishi ukawa kila kona. Katibu wa timu, ambaye ni mwalimu wa hesabu, alishikilia kuwa vijana wanacheza juu, wanasukuma mashambulizi, bahati tu ndiyo haijakaa sawa. Wengine wakamcheka. Huyu anajilinda tu, anapaki basi, walisema, tena basi lenyewe halina magurudumu. Aliyeumia zaidi alikuwa mwenyekiti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, maana yeye ndiye aliyekwenda kumleta. Kila akitoka dukani anakutana na mtu anayemuuliza kama leo kutanyesha. Mwisho uvumilivu ukamwishia, akaitisha kikao cha kamati siku ya Jumamosi asubuhi. Ajenda ilikuwa moja tu: kocha abaki, au afungashe virago.

Kuna mtu mmoja ambaye hakuwa akienda uwanjani kabisa, na ndiye aliyekuwa akiujua mpira wa timu ile kuliko wote. Alikuwa fundi cherehani, mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na ulimi usiohitaji kufungwa na chochote. Duka lake lilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili, meza ndefu ya kukatia, na cherehani mbili: moja ya umeme, ambayo ilifanya kazi umeme ukijisikia, na moja ya miguu, ya marehemu baba yake, ambayo haikuwahi kugoma hata siku moja.

Timu ilizaliwa humo ndani. Baba yake ndiye aliyeshona jezi za kwanza, kwa kitambaa cha mapazia, bila kudai chochote. Waasisi wakamshukuru kwa kuandika kwenye katiba kwamba vikao vyote vitafanyika pale dukani na kwamba cherehani itakuwa na kura moja kwenye kamati. Ndiyo, cherehani. Mzee alipofariki, binti akairithi mashine, kura ikaja pamoja nayo. Miaka tisa ilikuwa imepita na hakuwahi kunyoosha mkono. Wao wakibishana, yeye anapinda mapindo ya suruali za watu, na akisimamisha mguu ni pale tu mtu anapotukana.

Na ndani ya timu hiyo alikuwemo mdogo wake fundi. Huyo ndiye nahodha, namba tisa, mtu aliyejulikana mji mzima kwa jina la Nyundo. Mama yao alipofariki, Nyundo alikuwa na miaka minane na dada yake kumi na tisa. Alimlea, akamsomesha, akamfukuza na fimbo alipotoroka shule kwenda kucheza mpira, kisha akamshonea jezi alipoona fimbo haisaidii. Miaka minne nyuma Nyundo alifunga mabao ishirini na mawili kwa msimu mmoja. Mwenyekiti akamchorea picha kubwa kwenye ukuta wa duka lake, ameshika nyundo begani, anatabasamu. Na fundi naye alitundika picha ya msimu ule ukutani, juu ya cherehani ya baba yake, kwenye fremu, akawa anaipangusa vumbi kila asubuhi kabla hajafungua mlango.

Kila Jumatatu alikuwa akiletewa furushi la jezi, zimefuliwa, zimeraruka. Kwake furushi lile ndilo lilikuwa gazeti la michezo. Misimu yote iliyopita, bukta za mabeki ndizo zilizokuja zimechanika makalioni na ubavuni kwa kuteleza chini wakiokoa, na jezi ya kipa ilikuwa na viraka viwili kila kiwiko. Msimu huu wa Manyunyu mambo yakageuka. Bukta zilikuwa nzima. Jezi ndizo zilizokuwa na kilio. Namba mbili, kola imeng'olewa kwa nyuma mara tatu. Namba tatu, pindo la mgongoni limevutwa mpaka wangeingia watu wawili. Namba sita, mkono umeachana na bega. Na jezi ya kipa, jamani, bwana harusi angeivaa.

Fundi hakuhitaji kuambiwa. Mtu anakuvuta jezi ukimpita. Ukiwa unarudi golini kwako mbio, nani akuvute, na akuvutie nini? Kwa hiyo watu walipoingia dukani kupima nguo huku wakisema kocha anapaki basi, alikuwa anabana pini mdomoni na kucheka kwa pua. Wale mabeki walikuwa wanashambulia kama wendawazimu. Kwamba mabao hayaingii, hilo aliliacha kwa Mungu na kwa refa.

Msimu huu jezi moja tu haikuwahi kuraruka, ya namba tisa, na hiyo ilikuwa fahari yake. Jezi za wengine alishona mshono mmoja. Za Nyundo, maana kila mchezaji alikuwa na mbili za kubadilisha, alishona mara mbili, kwapani na ubavuni, kwa uzi mnene wa mabegi. Mechi baada ya mechi ilirudi kama ilivyokwenda. Alikuwa akiwaonyesha wateja. Tazama hapo, anasema, hakuna uzi hata mmoja uliokatika, halafu mtu ananiletea suruali ya kiwandani na kuniambia imeshonwa vizuri.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya kikao, alikuwa akimalizia viporo. Yunifomu za shule zilimbana, na kuna furushi moja la zamani lilikaa chini ya gunia mwezi mzima. Akalifungua. Lilikuwa la ile mechi ya mabao matatu. Akatoa namba mbili, akatoa namba sita, kisha akatoa namba tisa na kubaki ameishika mikononi. Ilikuwa imeraruka toka kwapani mpaka kwenye pindo. Uzi wa mabegi, mara mbili, umekatika wote. Kola ilikuwa inaning'inia.

Kwanza alikasirika. Nani kauchezea mshono wake? Halafu akakumbuka kuwa siku ile Nyundo hakucheza. Alikuwa na homa, amelala chumba cha nyuma, na yeye mwenyewe alikuwa akimpelekea uji na kumwambia aache kudeka. Namba tisa siku ile ilivaliwa na mchezaji wa akiba, muuza mikate, kijamaa chembamba kilichozoea kukimbia na kreti kichwani. Siku hiyo moja, mabao matatu, na jezi ikararuliwa vipande.

Fundi akakaa kwenye kiti chake. Hakuna haja ya kuficha, aliumia, tena sana. Kumbe uzi wake haukuwa na ajabu yoyote. Jezi ya mdogo wake ilikuwa inarudi nzima kwa sababu hakuna aliyehangaika kuivuta. Timu nzima ilikuwa inapanda kama maji mpaka inafika kwa Nyundo, na hapo inasimama. Na yeye, mwenye macho ya kuona pindo lililopotoka kutoka ng'ambo ya barabara, hakuona, kwa sababu ya kujisifia mshono.

Jioni ile ile kocha akapita kuchukua suruali. Aliileta ipunguzwe kiuno, maana mawazo yalikuwa yamemkondesha. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo, asiyefanana hata kidogo na lile jina la Mafuriko. Fundi hakumzungusha. Akaitandaza jezi mezani mbele yake.

Kocha akaitazama jezi, akaitazama picha iliyo juu ya cherehani, kisha akamtazama fundi.

"Kwa hiyo umeona," alisema.

"Nimeona. Wewe kwa nini husemi?"

"Mwenyekiti alinipa sharti moja siku naingia. Nyundo acheze mbele, kila mechi. Nililikubali kwa mdomo wangu, dada. Siwezi leo kumtwisha lawama Nyundo ili mimi nibaki na kazi. Halafu ni mtu mzuri yule. Wenzake wanampenda."

Akaikunja suruali yake vizuri, akashukuru. Mlangoni akageuka na kumwambia kwamba kama ilibaki nafasi kidogo kiunoni si vibaya, huenda mambo yakamnyookea akanenepa. Fundi alicheka, kisha alipobaki peke yake kicheko kikamkauka.

Ijumaa Nyundo akaja kula mchana kwa dada yake, kama kila Ijumaa. Akala, akasifu, akatania kwamba dada anazidi kuzeeka na chumvi inazidi kupungua. Fundi alikuwa na maneno yake tayari tangu alfajiri, kayapanga vizuri, na kila akifungua mdomo yanarudi tumboni. Akamwona mdogo wake, chini ya meza, anasugua goti lake la kulia pole pole, kama mtu anayebembeleza mtoto. Nyundo alipogundua anatazamwa akaacha, akaomba maji ya kunywa. Fundi akampa maji.

Usiku hakulala vizuri. Akisema, atakuwa ameliangusha kwa mikono yake jina ambalo yeye mwenyewe alilitundika ukutani. Akinyamaza, mtu asiye na kosa atapanda gari na begi lake moja, akiitwa mwongo, kwa ajili ya mdogo wake. Ilikuwa asuke au anyoe.

Jumamosi kamati ikajaa mle dukani, watu sita kwenye mabenchi, na Nyundo kwenye kigoda karibu na mlango, maana nahodha huhudhuria ingawa hana kura. Kocha aliambiwa asubiri nje. Mwenyekiti alisema yake, kwamba aliahidiwa mafuriko na hadi leo viatu vyake ni vikavu. Katibu alisema yake kwa asilimia. Wakabishana mpaka maji ya kunywa yakaisha. Wakapiga kura, watatu aondoke, watatu abaki.

"Na cherehani ina neno?" mwenyekiti akauliza, kwa mazoea tu, huku tayari anakusanya karatasi zake.

Mguu wa fundi ukasimama. Akainuka, akafagia mkasi na vipande vya chaki kutoka mezani, na kuanza kutandaza jezi moja moja. Namba mbili, tatu, sita. Akawaonyesha kola kwa nyuma, pindo kwa nyuma, mabega. Akawauliza kama wanajua mtu anavutwa jezi wakati gani. Akawaonyesha jezi ya kipa. Watu wazima wale wakainama juu ya meza kama wanafunzi, na katibu akaanza kuhesabu mishono kwa kalamu. Mwenyekiti alisema sawa, tuseme wanashambulia, mbona hawafungi?

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Fundi akaweka jezi mbili za namba tisa sambamba, nzima na iliyoraruka.

"Hii nzima ni ya mdogo wangu, mechi kumi. Hii iliyochanika aliivaa muuza mikate, mechi moja. Uzi ni ule ule, mkono ni huu huu." Akageukia mlangoni. "Nisamehe. Nimekulea mimi, nikasema bora nikuvue mimi kuliko wakuvue watu uwanjani."

Nyundo akasimama, akaja mezani, akaichukua ile jezi iliyoraruka. Akapitisha mkono kwenye tundu, ukatokea upande wa pili, akavipunga vidole vyake. Kisha akaanza kucheka. Si kicheko cha uchungu, ni kile chake cha siku zote, cha tumboni, kinachofanya watu wacheke kabla hawajajua kuna nini.

"Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili goti linaniambia usikimbie, na ile picha ya ukutani dukani kwa mwenyekiti inaniambia usikae. Nilikuwa nasubiri mtu aseme. Nilijua wote mnaogopa, hata mimi naiogopa ile picha."

Akaufungua mlango, akamwita kocha ndani. Akamuuliza mbele ya kamati, kama angekuwa na ruhusa, angempanga wapi. Kocha hakufikiri hata kidogo. Alitoa karatasi kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imechakaa, akaifungua mezani. Ilikuwa imeandikwa tangu wiki yake ya pili. Mbele muuza mikate. Beki wa kati, namba tano, Nyundo.

Kocha alieleza kwa ile sauti yake ndogo. Beki wa kati hahitaji mbio za kila dakika, anahitaji kujua mshambuliaji anawaza nini, na hakuna anayejua hilo kama mtu aliyefunga mabao ishirini na mawili. Mwenyekiti akauliza, kwa unyonge kabisa, sasa na picha je. Rangi zake alizichanganya yeye mwenyewe. Nyundo akamwambia aiache, duka la vifaa vya ujenzi halikosi nyundo.

Fundi akanyoosha mkono. Ulikuwa bado na kastabini, kile kikofia cha kuzuia sindano, kwenye kidole. Miaka tisa, kura ya kwanza. Katibu aliiandika kwa herufi kubwa: cherehani, abaki.

Jumapili akafunga duka na kwenda uwanjani, na watu walimpisha njia kwa mshangao. Jioni ya jana yake alikuwa ameshona namba tano mpya. Mikono ina mazoea yake, ilishona mara mbili kabla hajaikataza.

Basi mafuriko yakaja. Dakika ya nne muuza mikate akawapita watu wawili na kutia la kwanza. Dakika ya kumi na moja akatia la pili. Uwanja ukawa kama umepagawa, wanaume wenye heshima zao wamekaliana mabegani. Namba tatu, ambaye kazi yake ni ulinzi, akafunga la tatu kwa kichwa. Lakini mtu akienda mbele, nyuma kunabaki wazi, na wageni nao hawakuja kutalii. Wakarudisha moja, la pili, la tatu. Mwenyekiti, aliyekaa karibu na fundi, alikuwa ametafuna leso nusu. Yule yule aliyekuwa analia hakuna mabao sasa alikuwa anamwomba fundi amwambie kocha apunguze kidogo. Fundi akamwuliza kama viatu vyake bado ni vikavu.

Na huko nyuma alikuwepo Nyundo, peke yake na kipa mara nyingine, anaelekeza kwa mikono, anakata mpira kabla mshambuliaji mwenyewe hajajua anataka kuupeleka wapi. Zilibaki dakika mbili, matokeo tatu kwa tatu. Akaunasa mpira mmoja karibu na goli lake. Mtu mwenye akili angeubutua nje, na uwanja mzima ulimwambia aubutue. Nyundo akainua kichwa, na akaanza kukimbia.

Alikimbia na goti lake lile, upande upande kidogo, si kwa uzuri wowote. Akampita wa kwanza. Wa pili akamshika jezi kwa mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza maishani fundi akasikia mshono wake ukikatika, krrr, mpaka kwenye viti. Akajikuta amesimama juu ya benchi anapiga kelele ambazo hakujua anazo. Nyundo akaendelea na kitambaa kinapepea, akavutia kwake mabeki watatu, halafu akaugusa mpira pembeni. Muuza mikate alikuwa peke yake. La nne.

Hakuna aliyekwenda nyumbani haraka. Walimbeba kocha juu juu, na yeye akishika kiuno cha suruali isije ikamwacha. Kinyozi wa sokoni alikuwa tayari anasema mabao yalikuwa sita. Nyundo akapasua katikati ya watu akichechemea, kifua wazi, uso umejaa jasho na furaha, mpaka kwa dada yake. Akamtupia jezi mapajani. Ilikuwa vipande viwili.

"Dada, safari hii shona mara moja tu, kama za wenzangu," alisema. "Waache wavute."

Jumatatu asubuhi fundi akafungua duka, akatia uzi kwenye sindano, na akashona mara moja.